Mashine ya kuamsha machozi haifanyi kazi: tafuta mahali njia ilipokatika

Machozi yasipokuja, watu wengi hukimbilia kitufe cha kuongeza nguvu. Ni kosa linaloumiza pua na halitibu jicho. Mashine hizi, za watu wenye macho makavu, haziweki maji ndani ya jicho. Zinaamsha neva ya pua, neva inapeleka habari kwenye shina la ubongo, na ubongo unaiamuru tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho upande wa nje, itoe maji. Ndiyo njia inayokutoa machozi unapong'oa nywele ya ndani ya pua. Kwa hiyo kuna vituo vitano vya kukagua, kwa mpangilio huu: chaji, mguso, neva, tezi, na kope. Kuongeza nguvu kunasaidia kwenye kituo kimoja tu kati ya hivyo, na mara nyingi sicho chenye hitilafu.

Una mashine ya aina gani?

Mashine zinazofika Lubumbashi huja kwa ndugu aliye Ulaya au Marekani, au kwa wauzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika, mara nyingi bila kitabu cha maelezo. Ni za aina tatu, na kila moja ina ubovu wake.

Ya kwanza ina vidole viwili vyenye jeli kwenye ncha, vinavyoingia puani na kupitisha umeme mdogo. Iliyojulikana zaidi ni TrueTear, iliyoruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, mwaka 2017. Kampuni ya Allergan iliacha kuiuza mwaka 2020. Maana yake ncha za jeli za mashine hiyo hazitengenezwi tena, na zinazoletwa leo huenda zimepitwa na tarehe. Soma tarehe kwenye pakiti kabla ya kutoa pesa. Mashine bila ncha nzima ni plastiki tu.

Ya pili haina umeme unaoingia mwilini. Inatetemeka, na unaigusisha nje ya pua. Mfano wake ni iTEAR100, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020. Yenyewe haina jeli, hivyo usipoteze muda kutafuta ubovu wa jeli.

Ya tatu ni TENS, mashine ya maumivu ya mgongo na magoti yenye waya na vibandiko. Hii ndiyo imejaa mjini, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Kuna wataalamu wa macho wanaotumia umeme mdogo kuzunguka jicho kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini TENS ya kawaida siyo kifaa hicho. Inaweza kutoa hadi miliampea 80 kwa kibandiko cha sentimita 5 kwa 5, kipana kuliko eneo lote la kope. Umeme hautabaki kwenye neva unayoitaka. Utaingia kwenye misuli ya uso na kope zitaanza kucheza zenyewe. Vitabu vya mashine hizo vinakataza kuziweka juu ya macho, mbele ya shingo, au kupitisha umeme katikati ya kichwa. Kama unayo hiyo peke yake, ubaya wake hautengenezeki kwa mipangilio. Irudishe mgongoni.

Aina zote za umeme hazimfai mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, wala mwenye chuma au kifaa cha umeme kilichopandikizwa kichwani au shingoni. Ile ya kuingia puani haimfai pia anayetokwa damu puani mara kwa mara au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda. Mwenye kifafa na mjamzito wasitumie TENS bila daktari.

Huhisi kitu chochote

Ukiwasha na hakuna mtekenyo hata kidogo, tatizo liko kwenye chaji au kwenye mguso. Neva iliyokufa ganzi kabisa ni jambo la nadra.

Anza na jeli. Jeli hupitisha umeme kwa sababu ina maji na chumvi. Ikikauka, ukinzani unapanda na umeme haupiti. Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Septemba hewa hukauka sana, na ncha iliyoachwa wazi mezani asubuhi inaweza kuwa ngumu jioni. Iguse kwa kidole safi kilichokauka: jeli nzima ni laini, inang'aa, inavuta kidogo ngozi. Iliyokufa ina utando mgumu juu, imejikunja pembeni, au imeacha nafasi kati yake na plastiki. Ncha za TrueTear zilitengenezwa zitupwe kila baada ya saa 24, kwa hiyo anayetumia ncha moja wiki nzima ajue kwamba anasukuma umeme kupitia kitu kilichokauka na chenye vijidudu vya pua.

Watu hujaribu kuifufua. Wengine hupaka mafuta ya mgando. Hayo ni kizuizi cha umeme. Utakuwa umefunga mlango uliokuwa nusu wazi. Wengine hulowesha kwa mate, na hiyo ni kupeleka uchafu wa mdomoni kwenye ngozi laini ya pua. Kibandiko cha ngozi cha TENS kinaweza kusaidiwa kwa tone moja au mawili ya maji safi na kuachwa dakika chache. Ncha ya puani haifufuliwi.

Jeli ikiwa nzima, angalia namna ulivyoishika. Kosa la kila siku ni kusukuma vidole vya mashine moja kwa moja kuelekea nyuma, kama unayetoa kamasi. Neva inayotafutwa ipo mbele na juu. Fanya hivi mbele ya kioo:

1. Penga pua taratibu. Kamasi na magamba makavu ni ukuta.
2. Elekeza ncha juu, kuelekea daraja la pua, zote mbili kwa pamoja, moja kila tundu.
3. Vuta kidogo mbele hadi jeli ilale kwenye ukuta wa mbele wa ndani ya pua. Zote mbili ziguse. Umeme unatoka ncha moja na kurudi kwa nyingine, hivyo ikigusa moja tu hakuna mzunguko.
4. Washa kwenye nguvu ya chini kabisa. Sogeza ncha milimita moja moja kabla ya kupandisha nguvu.

Alama ya kwamba umefika ni kuhisi kama chafya inakuja na inasita. Ukiisikia hiyo, bakia hapo.

Kwa mashine ya kutetemeka, pita kidole kwenye daraja la pua kuanzia juu ukishuka. Utakuta mahali mfupa unapoisha na gegedu laini inaanza. Pembeni kidogo mwa mpaka huo ndipo tawi la neva linatokeza nje. Bonyeza kiasi cha kuisukuma ngozi, siyo kuigusa tu. Anayeweka juu kwenye mfupa atasikia kichwa kizima kinatetemeka na jicho litabaki kavu. Muda wake ni sekunde 30 kila upande, angalau mara mbili kwa siku.

Unahisi mtekenyo, lakini jicho ni kavu

Sasa mashine imekwisha kufanya kazi yake. Tatizo limehamia mwilini.

Kwanza hakikisha kweli ni kavu. Simama mbele ya kioo, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, na tazama ukingo wa kope ya chini. Kuna mstari mwembamba wa maji unaong'aa mahali kope inapokutana na jicho. Washa mashine na uutazame kwa dakika moja. Ukinenepa, machozi yanakuja hata kama hayajamwagika shavuni. Wengi wanangoja kulia. Siyo lengo.

Mstari usipobadilika, orodhesha dawa unazomeza. Klorfeniramini ya mafua na mzio, inayouzwa kila farmasi, hukausha machozi na mate. Amitriptilini ya usingizi na maumivu ya neva hufanya hivyo pia. Dawa hizi huzuia amri ya mwisho inayofika kwenye tezi. Unaweza kuipiga neva siku nzima na tezi isisikie. Usiache dawa ya daktari kwa shauri la makala, lakini mwambie. Mara nyingi kuna nyingine ya kubadilisha. Dawa ya ganzi iliyopuliziwa puani nayo inakata njia, ila hiyo inapita yenyewe.

Kisha kuna tezi iliyochoka yenyewe. Ugonjwa wa Sjögren hushambulia tezi za machozi na za mate kwa pamoja. Ukiona huwezi kumeza bukari (ugali) bila kunywa maji kila tonge, meno yanaoza haraka na viungo vinauma, ongea na daktari juu ya ugonjwa huo kabla ya kununua mashine yoyote. Kovu la trakoma na kovu la Stevens-Johnson, mwitikio mkali wa dawa ambao kotrimoksazoli na nevirapini zinaweza kuuleta, huziba midomo ya tezi. Hapo amri inafika, maji hayana pa kutokea.

Kipimo cha kutofautisha ni rahisi na hakihitaji mashine, ila kifanyike na mhudumu wa macho. Anaweka karatasi ya Schirmer, yenye upana wa milimita 5 na urefu wa 35, kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Milimita 5 au pungufu ni ukavu mkubwa. Halafu anarudia huku akitekenya pua kwa kijiti cha pamba. Majaribio yaliyotangulia kuruhusiwa kwa TrueTear yalichukua watu ambao kijiti kiliongeza angalau milimita 7. Ikiwa kijiti hakisogezi karatasi, mashine nayo haitasogeza, na umeokoa dola nyingi. Kwa maoni yetu kipimo hiki kingefanyika kabla ya mtu kuagiza chochote kutoka nje.

Neno moja kuhusu watoto. Mtoto mwenye jicho kavu lisilong'aa, asiyeona vizuri jioni, mwenye madoa meupe kama povu kwenye weupe wa jicho, anakosa vitamini A. Anahitaji vitamini A haraka kwenye kituo cha afya. Mashine hizi ni za watu wazima.

Machozi yanakuja, lakini baada ya dakika chache macho yanawaka tena

Hili ndilo lalamiko kubwa zaidi, na ubovu uko kwenye kope. Juu ya maji ya machozi huwa kuna tandiko la mafuta linalotoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa ndani ya ukingo wa kope, zinazoitwa tezi za Meibomi. Zikiziba, maji yanakuja na kuruka hewani. Mashine inajaza ndoo iliyotoboka.

Dalili zake: macho yanawaka zaidi mchana na mbele ya feni, kope zina magamba kwenye mizizi ya nywele zake, vichokea hurudi rudi, na ukibinya ukingo wa kope kidogo mafuta yanatoka mazito na meupe badala ya kuwa maangavu. Daktari akitia rangi ya fluoresini huona machozi yanapasuka kabla ya sekunde 10.

Dawa ya nyumbani ni joto, lakini liwe joto kweli. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto hupoa ndani ya dakika mbili, kwa hiyo kinachosaidia ni kuwa na viwili na kubadilishana. Kipime kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Kiwe cha moto bila kuunguza. Weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10. Mara tu unapotoa, kanda kope ya juu kushuka na ya chini kupanda, kuelekea kwenye nywele, kwa kidole safi. Pangusa ukingo kwa kitambaa kibichi. Fanya mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Tumia mashine baada ya hapo, siyo kabla, ili maji mapya yakute mafuta yamekwisha kulainika.

Halafu tazama hewa unayoishi. Mwezi wa nane upepo unainua vumbi jekundu la Katuba na Ruashi, na anayepanda pikipiki bila miwani anarudi na jicho lililosuguliwa. Moshi wa mbabula (jiko la makaa) jikoni hufanya vivyo hivyo kila jioni. Mtu anayepika kwa makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha hatapona kwa umeme wa puani. Toa mbabula nje kwanza. Kama kinachokusumbua ni kujikuna sana, siyo kuwaka wala kuhisi mchanga, huenda ni mzio, na matibabu yake ni mengine.

Macho yanamwaga machozi siku nzima

Mtu huyu mara nyingi ameambiwa ana macho makavu naye hakuamini. Inawezekana ni kweli: uso wa jicho ukiwaka, mwili unajitetea kwa kumwaga maji. Hapo fuata habari za kope hapo juu. Lakini kama ni jicho moja tu, na kona ya ndani karibu na pua ina uvimbe au inatoa usaha ukibonyeza, mfereji wa machozi umeziba. Usitumie mashine. Kuongeza maji juu ya mfereji uliofungwa ni kuongeza taabu.

Inauma, inachoma, au damu inatoka puani

Meno ya juu yakiwasha au ufizi ukitekenyeka, ncha imeingia ndani mno au nguvu imezidi. Ivute nje kidogo, shusha nguvu. Chafya tatu nne mwanzoni ni kawaida, zisipokoma, zima.

Kuchoma kama sindano mahali pamoja kuna maana nyingine. Jeli imepasuka au imekauka upande mmoja, hivyo umeme wote unapita kwenye kijisehemu kidogo. Tupa ncha hiyo hata kama ni ya mwisho. Ukiona wekundu na vipele mahali jeli ilipogusa, na vinabaki hadi kesho yake, ngozi yako inakataa jeli.

Damu huja zaidi wakati wa kiangazi, pua ikiwa na magamba makavu. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia achia. Usilaze kichwa nyuma. Ikipita nusu saa, nenda hospitali, na upimwe shinikizo la damu ukiwa huko. Mashine ikae pembeni hadi pua ipone kabisa. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande asianze bila ruhusa.

Jumla ya matumizi ya TrueTear kwa saa 24 iliwekwa isizidi dakika 30. Anayehitaji zaidi ya hizo anahitaji daktari, siyo dakika nyingine.

Ilikuwa inafanya kazi, sasa imelegea

Badilisha ncha kwanza, kisha chaji hadi mwisho, kisha ukague mahali unapoweka, kwa sababu mkono huzoea na kuteleza chini kidogo kidogo. Yote matatu yakiwa sawa, pumzisha pua siku moja au mbili. Mwili huzoea mguso unaofanana. Pia kumbuka kwamba machozi haya ni ya muda. Ruhusa yenyewe ya TrueTear ilisema inaongeza machozi kwa muda, wakati wa kuamshwa. Jicho kukauka tena baada ya saa kadhaa siyo ubovu.

Haichaji, au inazimika katikati

Soma maandishi madogo ya shajera (chaja). Yakisema 100–240V, inafaa umeme wetu wa volti 220. Yakisema 120V peke yake, shajera ni ya Marekani na itaungua siku ya kwanza. Kile kiungo cha sokoni cha kubadilisha meno ya prizi hakibadilishi volti.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hurudi kwa kishindo baada ya delestaji (mgao wa umeme). Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika 10 ndipo uchomeke, au tumia stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti. Kama mashine inachaji kwa waya wa USB, betri ya kubebea ya simu ni salama kuliko prizi ya ukutani. Usiitumie mwilini ikiwa imechomekwa, hata kama inaonekana inakubali.

Mashine inayojaa haraka na kuisha haraka ina betri ya lithiamu iliyozeeka. Iliyovimba isichajiwe tena. Ukiiweka kabatini kwa miezi, iache na nusu ya chaji, mbali na gari lililoegeshwa juani. Mwili wa mashine unafutwa kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, usichovye majini, na alkoholi isiguse jeli kwa sababu inaikausha.

Na ncha haiazimwi, hata kwa mke na mume.

Acha mashine, nenda kwa daktari wa macho leo

Nenda ukiona hata moja kati ya haya: uwezo wa kuona umepungua ghafla, maumivu makali ndani ya jicho, mwanga unaumiza, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usaha, au jicho jekundu baada ya kutia maji ya majani au dawa ya kienyeji. Hilo la mwisho linaweza kuwa kidonda cha konea, yaani cha hicho kioo cha jicho, na kidonda hicho huharibu jicho ndani ya siku chache. Beba mashine, pakiti ya ncha na dawa zote unazomeza, pamoja na zile ulizonunua bila karatasi ya daktari.